Kiporo salama huandaliwa usiku

Kiporo nakipenda. Wali uliolala ukakaangwa asubuhi na kitunguu na pilipili hoho, au maharage ya jana kwa chapati na chai ya rangi, kwangu vinashinda mkate wowote. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kiporo kitupwe, na naumia zaidi nikimwona mama anatoa wali vuguvugu kwenye hotipoti alfajiri, anaupasha na kumpa mtoto aende shule, akiamini moto umeshaua kila kitu.

Moto wa asubuhi hauwezi kazi hiyo. Ndani ya mchele mkavu huwa mna bakteria aitwaye Bacillus cereus, na bakteria huyu hujihifadhi katika mbegu ngumu zisizokufa kwa maji yanayochemka. Wali ukiiva, mbegu zile bado zimo. Wali ukianza kupoa taratibu zinachipua, bakteria wanaongezeka, kisha wanatoa sumu. Ile sumu inayoleta kutapika imepimwa maabara ikastahimili nyuzi joto 121 kwa dakika 90, wakati sufuria yako ya kawaida haivuki 100. Mtu akishakula, kutapika huweza kuanza baada ya nusu saa, au kuchelewa hadi kama saa sita. Na wali huo unaweza usiwe na harufu mbaya wala utelezi, kwa hiyo kuuonja au kuunusa hakukuhakikishii kitu.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, kwa kuwa bakteria wengi hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Usiku wa Februari hapa Dar es Salaam, jikoni kwangu ni joto tupu. Chakula kilichoachwa mezani mpaka asubuhi kinakuwa kimelala katikati kabisa ya hatari hiyo.

Hotipoti ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyombo vyote. Ni chombo kizuri cha kusubirisha chakula cha moto mpaka wageni wafike. Lakini kukilaza chakula humo ni jambo jingine. Joto linashuka chini ya nyuzi 60, halafu kwa sababu hotipoti imetengenezwa isipoteze joto, chakula kinabaki vuguvugu saa nyingi kuliko ambavyo kingebaki kwenye sufuria.

Mimi kiporo nakitenga kabla watu hawajaanza kula. Napakua kwa mwiko safi kile ninachojua kitabaki, sichukui mabaki ya sahani zilizoguswa na mikono. Wali nautandaza kwenye sinia, unene usizidi vidole viwili, naufunika kwa kawa na kuuweka mahali penye upepo. Mvuke ukiisha nautia kwenye vyombo vifupi vyenye vifuniko na kuuingiza kwenye friji. Shughuli yote isizidi saa moja hivi. Mchuzi na maharage nayapooza kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, nakoroga, na maji ya beseni yakipata joto nayabadilisha. Sufuria kubwa ya moto siingizi kwenye friji kamwe. Katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi, na inapasha hata maziwa yaliyo pembeni.

Maharage yana siri yake, nayo ni nazi. Chakula cha tui huchacha haraka mno. Basi nachemsha maharage mengi kwa chumvi na kitunguu tu, nagawa, fungu la kesho linakwenda kwenye friji bila tui, na la leo ndilo ninaloliunga kwa nazi. Kisamvu nacho nakifanyia hivyohivyo. Maharage yakitoa povu na harufu ya uchachu, mwaga; kuyachemsha tena hakuyarudishi. Tena, kwa mnaopika maharage mekundu kwa moto hafifu ili kuokoa mkaa: yaloweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kupunguza moto. Yana sumu yake ya asili ambayo moto mdogo hauivunji.

Samaki kama vibua na jodari wakikaa juani sokoni hujaa histamini, nayo pia haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Nanunua kwa muuzaji mwenye barafu, nawatengeneza siku hiyohiyo, na kama kuna wa kubaki nawakaanga bila kuwaunga.

Kwa nyumba isiyo na friji, ushauri wangu ni kupima chakula kiishe. Wengi tumelelewa na desturi ya kuchemsha maharage kabla ya kulala na kutoyafunua mpaka asubuhi. Inaua bakteria wengi walioingia baada ya kupakua, lakini mbegu zinabaki na sufuria inapoa polepole usiku kucha. Wali, nyama na vyakula vya nazi sivilazi nje hata kidogo. Kama asubuhi inataka kitu cha haraka, bora kulaza chapati kavu, au viazi na mihogo mibichi ya kuchemsha alfajiri.

Kupasha nako kuna utaratibu. Toa kiasi cha kuliwa tu, nyunyizia wali maji kidogo, funika, acha moto upenye mpaka mvuke utoke katikati na si pembeni pekee. Kilichopashwa hakirudi kwenye friji. Wali naumaliza kesho yake. Maharage na nyama nayapa siku mbili, tatu kwa shida.

Halafu kuna umeme. Friji iliyofungwa hutunza baridi kama saa nne, na friza iliyojaa hufika saa 48 ikiwa haifunguliwi. Ikijaa nusu, ni 24. Ndiyo maana nafasi tupu za friza yangu nazijaza chupa za maji, na umeme ukikatika nawakataza watoto kufungua mlango. Zikipita saa nne, wali, nyama, samaki na tui vilivyokuwa kwenye friji navitoa na kuvitupa. Nikisafiri, naacha ndani ya friza kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Nikirudi nikaikuta sarafu imezama, najua barafu iliyeyuka nisipokuwepo, na nyama iliyomo humo haipikwi hata kama imeganda tena kama jiwe.