Umetimiza arobaini? Usisubiri kustaafu

WAULIZE Waislamu wengi wa mjini wenye umri wa miaka 40 na ushei ni lini wataishughulikia dini yao barabara. Jibu utakalolipata kwa wengi ni moja: nikistaafu. Kwa sasa ada za watoto hazijaisha, nyumba ya Mbagala haijapigwa plasta, kazini wanataka ripoti na dukani mteja hasubiri. Nikistaafu, anasema, nitakaa msikitini, nitasoma Qur'an, nitakwenda Hijja, nitatulia. Anayesema hivyo si mtu mbaya. Ijumaa haimpiti, Ramadhani anafunga, na akichangishwa kwa ajili ya ujenzi wa msikiti anatoa.

Lakini tuitazame hesabu yake. Mtumishi wa umma hapa Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Na katika Sahihi Bukhari, Abu Huraira (r.a) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w) kwamba mja ambaye Mwenyezi Mungu amemrefushia umri mpaka akafikisha miaka 60, huyo ameshakatiwa udhuru. Hana tena la kujitetea kwamba hakupewa muda. Tirmidhi naye amepokea hadithi kuwa umri wa umma huu ni baina ya miaka 60 na 70, na wanaovuka hapo ni wachache. Mtume mwenyewe alifariki akiwa na miaka 63.

Kwa hiyo umri ule ule tunaoupangia kuanza ndio umri ambao mlango wa udhuru unafungwa. Na tusisahau kwamba umri wetu wa kisheria unahesabiwa kwa mwezi mwandamo, ambao mwaka wake una siku 354 au 355. Mtu anayekabidhiwa barua ya kustaafu siku anayotimiza miaka 60 ya kalenda ya ofisini, kwa Hijria ana karibu miaka 62. Amechelewa hata kabla hajaagwa na wenzake.

Qur'an imeutaja umri mwingine. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu (s.w) anamuusia mwanadamu kuwatendea wema wazazi wake, anataja taabu ya mama katika mimba na kuzaa, kisha anamfikisha mtu huyo kwenye ukamilifu wa nguvu zake na miaka 40. Hapo ndipo anaposimama kuomba. Anaomba awezeshwe kuishukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha Mola wake, na atengenezewe kizazi chake. Kisha anatubu.

Ndugu msomaji, angalia mtu huyu amesimamishwa wapi. Nyuma yake wapo wazazi, mbele yake wapo watoto, naye yuko katikati. Hiyo ndiyo hali halisi ya mtu wa makamo hapa mjini. Mama yuko Tanga au Kilwa, ameanza kusahau majina ya wajukuu, anatumiwa pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi lakini sauti ya mwanawe haisikii mpaka Idi. Watoto nao wako nyumbani, wamelala baba anapotoka na wamelala anaporudi. Aya haikumwambia mtu huyu akimbilie pangoni awaache wote hao. Imewaweka ndani ya dua yake. Maana yake ni kwamba kukua kwake kiroho katika umri huu kunaanzia kwa hao waliomzunguka, kabla ya kuhesabu rakaa za usiku.

Hata Mtume (s.a.w), ambaye Wahyi ulimshukia akiwa na miaka 40, alikuwa akijitenga katika pango la Hira kwa siku kadhaa, kisha anarejea kwa Bi Khadija (r.a) kuchukua masurufu mengine. Alikuwa na faragha yake na Mola wake, na alikuwa na nyumba anayorudi.

Tunalisema hili kwa sababu tumewaona wenzetu wakishtuka ghafla katika umri huu, wakageuka kuwa wakali. Leo kaanza kuhudhuria darasa, kesho mke hasemeshwi ila kwa amri na watoto wanamkimbia akiingia. Huko si kukua.

Kisa cha Imam Ghazali kina mafunzo hapa. Alizaliwa Tus mwaka 450 Hijria (1058). Mwaka 484 aliteuliwa kufundisha katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, cheo kikubwa kabisa kwa mwanachuoni wa wakati ule. Yeye mwenyewe anaeleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh kwamba alikuwa na wanafunzi mia tatu. Mwaka 488, kabla hajafika miaka 40, aliikagua nia yake akakuta kwamba kinachomsukuma kufundisha ni jaha na sifa. Akataabika karibu miezi sita, leo anaamua kuondoka, kesho anaghairi, mpaka ulimi ukafungwa akashindwa kufundisha, na chakula kikawa hakipiti. Matabibu walikata tamaa naye. Mwishowe aliondoka akaelekea Sham, na katika miaka iliyofuata akaandika Ihya Ulumid Din. Lakini kabla ya kuondoka aligawa mali yake akabakisha ya kumtosha yeye na ya kuwalisha watoto wake.

Hatumwambii mtu aache kazi. Tunachokitaka kwa Ghazali ni ule ujasiri wa kuikagua nia akiwa na cheo, maana kinachowazuia wengi wetu ni cheo, wala si muda. Wapo waliotoka madrasa wakiwa Juzuu Amma walipofaulu kwenda sekondari, hawakurudi tena. Leo ni mameneja, wanaitwa mzee, wana digrii mbili, na msahafu wanaufungua kwa kubahatisha. Atakaaje mbele ya ustadhi wa miaka 25 aanze alifu, bee, tee?

Bukhari amelijibu hili tangu zamani. Katika mlango wa elimu ameitaja kauli ya Umar (r.a) ya kuwahimiza watu wajifunze dini kabla ya kuwa viongozi, kisha Bukhari akaongeza mwenyewe: na baada ya kuwa viongozi pia, kwani Masahaba wa Mtume walijifunza wakiwa na umri mkubwa. Na Bi Aisha (r.a) amepokea kwamba anayesoma Qur'an kwa kukwama na kupata taabu ana malipo mawili. Meneja anayekwama kwenye herufi ya dhadi amebashiriwa, sasa anaona haya ya nini?

Na kazi yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Mtu wa miaka 40 akijipa mwaka mzima wa kujifunza herufi na kuunganisha, kisha akasoma nusu ukurasa kila siku baada ya Alfajiri, atahitimu kabla ya kutimiza miaka 45. Bado atakuwa na miaka 10 mpaka huko kustaafu kwa hiari.

Akina mama wametutangulia katika hili. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utawakuta alasiri wamekaa mkekani, wengine na wajukuu mapajani, wanasoma kwa sauti bila kumwonea haya mtu. Kwa wanaume, madrasa nyingi ni za watoto, na saa zake ni zile ambazo baba yuko kazini au kwenye foleni ya magari. Kamati za misikiti zinaweza kulitengeneza hili bila kuchangisha hata shilingi: darasa moja baada ya Isha, siku mbili kwa wiki, kwa watu wazima tu, likianzia kwenye alifu.