Mnatafuta nini? Busara katika kuchagua zana za kutafiti maneno ya utafutaji



Baadhi ya waamini wenye maduka Kariakoo, pamoja na vijana wanaohudumu katika mawasiliano ya parokia, wamekuwa wakituuliza sisi mafrateri swali moja kwa namna mbalimbali: "Tuna tovuti, lakini watu hawaioni. Tulipie zana ipi ya kutafuta maneno?" Kwa juu juu swali hili ni la kiufundi. Ndani yake, hata hivyo, kuna swali la falsafa na la kichungaji: je, tunajua watu wanatafuta nini, na wanakitafuta kwa maneno gani?

Katika somo hili tutaona kwanza neno la utafutaji ni nini. Kisha tutachagua zana kwa kufuata matendo matatu ya busara anayoyafundisha Mtakatifu Thoma wa Akwino, yaani kushauriana, kuhukumu na kuamuru. Mwishoni tutaangalia mpaka wa kimaadili, na kuna maswali ya kujadili katika jumuiya.

1. Neno la utafutaji ni sauti ya anayetafuta

Neno la utafutaji ni lile neno, au sentensi fupi, ambalo mtu analiandika kwenye Google anapohitaji kitu. Halitoki kwa mwenye tovuti. Linatoka kwa mhitaji.

Mfikirie mwenye duka la nguo Mtaa wa Kongo. Kwenye tovuti yake ameandika "Mavazi ya kisasa ya kike kwa bei nafuu". Mteja wake aliyeko Morogoro, au Lubumbashi, anaandika kwenye simu "madera ya jumla Kariakoo" au "vijora bei ya jumla". Hawa wawili wanahitajiana, lakini hawakutani, kwa kuwa mmoja anazungumza lugha ya bango na mwingine lugha ya haja yake.

Parokia nazo zina hali hiyo hiyo. Tunaandika "Sakramenti ya Kitubio na Upatanisho". Muamini anaandika "jinsi ya kuungama" au "sijaungama miaka mingi nifanyeje". Tunaandika "Ratiba ya Maadhimisho ya Ekaristi Takatifu". Kijana anayefunga duka saa kumi na moja jioni anaandika "misa ya jioni Dar es Salaam". Maneno yetu ni sahihi na tusiyaache. Lakini ukurasa usio na neno hata moja la yule anayetafuta ni mlango usio na kitasa upande wa nje.

Aristotle alifundisha kwamba mwanadamu kwa maumbile yake ana hamu ya kujua. Socrates, mwalimu wa mwalimu wake, aliifuata hamu hiyo mpaka sokoni, kwenye uwanja wa Athene ulioitwa agora, akiuliza na kusikiliza. Katika mji huo huo Mtakatifu Paulo alizungumza kila siku na watu aliowakuta sokoni (Mdo 17), na hotuba yake pale Areopago aliianza na madhabahu aliyoiona mjini mwao. Katika Injili ya Yohane, maneno ya kwanza ya Yesu ni swali: anawauliza wanafunzi wawili wanaomfuata wanatafuta nini. Naye Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya 46 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mwaka 2012, alieleza kuwa kwa watu wengi mitambo ya kutafuta imekuwa mahali pa kuanzia wanapohitaji ushauri na majibu. Alitualika kuzitambua nyuma ya maswali hayo hamu kubwa za moyo wa mwanadamu.

2. Kushauriana: kukusanya maneno kabla ya kulipa

Tendo la kwanza la busara ni kushauriana. Kabla ya zana yoyote ya kulipia, zipo njia tatu za bure.

Ya kwanza ni masikio. Mwenye duka akae na daftari wiki moja, aandike wateja wanavyouliza, kwa maneno yao wenyewe, dukani na kwenye WhatsApp. Katibu wa parokia afanye vivyo hivyo kwa simu zinazopigwa ofisini. Hakuna programu itakayokupa maneno ya watu wako kwa usafi kuliko daftari hilo.

Ya pili ni mapendekezo ya Google yenyewe. Anza kuandika "misa ya" au "vitenge vya", usibonyeze kitu, uone inavyojaza. Kisha ongeza herufi moja moja: a, b, ch, d. Shuka pia chini ya ukurasa wa majibu uone utafutaji unaohusiana. Tumia dirisha la faragha la kivinjari, ili historia yako isichanganyike na mapendekezo.

Ya tatu ni Google Search Console. Hii ni kwa aliye na tovuti tayari: unathibitisha umiliki, na baada ya muda inakuonesha maneno ambayo tovuti yako imetokea nayo kwenye majibu ya Google, imeonekana mara ngapi, imebofywa mara ngapi, na wastani wa nafasi yake. Inahifadhi takwimu za miezi 16, na unaweza kuchuja kwa nchi. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana haiyaoneshi, ili kulinda faragha yao. Tofauti yake na zana nyingine ni kubwa: nyingi zinakadiria, hii inaeleza yaliyotokea kwako.

3. Kuhukumu: vigezo vinne vya kuchagua

Baada ya kukusanya, tunapima. Zana nyingi zimejengwa kwanza kwa ajili ya soko la Kiingereza, kwa hiyo sisi tuna vigezo vyetu.

Kigezo cha kwanza ni nchi. Google Trends ni ya bure na inaweza kulinganisha maneno kadhaa kwa wakati mmoja. Lakini ukiacha ipime dunia nzima, utadanganyika. Neno "misa" ni la Kihispania pia, na kwa maana ile ile. Neno "sala" kwa Kihispania na Kiitaliano ni chumba. Hata ukichagua Tanzania peke yake, MISA ni kifupi cha jina la taasisi ya vyombo vya habari ya Kusini mwa Afrika. Kwa hiyo usipime neno moja lililo peke yake. Pima "ratiba ya misa" au "sala ya asubuhi". Zana isiyokuruhusu kutenga Tanzania haikufai, hata iwe na sifa kiasi gani.

Kigezo cha pili ni lugha. Kiswahili kinajenga neno kwa viambishi: kuungama, niungame, nitaungamaje, maungamo. Kwetu hiyo ni familia moja, lakini zana inaweza kuyahesabu kama maneno manne yasiyo na undugu, kila moja likiwa na namba ndogo au sifuri. Vivyo hivyo rozari na rosari, kitenge na vitenge. Basi jumlisha familia nzima kabla ya kuhukumu. Sifuri ya zana maana yake ni kwamba zana haina takwimu. Haina maana kwamba hakuna anayetafuta.

Kigezo cha tatu ni maana ya namba. Namba za Google Trends, kuanzia 0 hadi 100, si idadi ya watu. Mia moja ni kilele cha neno hilo kwa muda na mahali ulipochagua. Ni nzuri kwa kuona majira: "sare za shule" kabla ya Januari, "njia ya msalaba" wakati wa Kwaresima. Keyword Planner ya Google, iliyomo ndani ya Google Ads, inatoa makadirio ya idadi kwa mwezi, lakini akaunti isiyolipia matangazo kwa kawaida huoneshwa viwango vipana, kwa mfano kati ya 100 na 1,000. Tena safu yake ya ushindani inahusu ushindani wa wanaonunua matangazo. Haikwambii ni vigumu kiasi gani kwa ukurasa wa kawaida kupanda juu. Wengi huisoma vibaya na kuacha maneno mazuri.

Kigezo cha nne ni gharama. Ahrefs na Semrush ni zana kubwa zinazoonesha pia maneno ya washindani na viungo vinavyoelekea kwenye tovuti zao. Vifurushi vyao vya kawaida vimekuwa vikiuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani kwa mwezi. Kwa kampuni inayohudumia tovuti nyingi, fedha hiyo inaweza kurudi. Kwa parokia, au duka lenye kurasa kumi, sioni sababu. Ubersuggest ina bei ya chini na nafasi chache za bure kila siku, na Ahrefs inampa mwenye tovuti aliyethibitisha umiliki sehemu ya huduma zake bila malipo. Jaribu hizo kwa maneno yako matano ya Kiswahili. Zisipokuonesha chochote ambacho daftari na Search Console havikuonesha, usilipe.

Hukumu yangu kwa aliye na tovuti ndogo ni hii: daftari, mapendekezo ya Google, Search Console na Google Trends vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Keyword Planner iongezwe na mfanyabiashara anayefikiria kutangaza. Zana ya kulipia ije pale tu unapokuwa na swali mahususi ambalo hizi zimeshindwa kulijibu.

4. Kuamuru: kazi ya mwezi mmoja

Kwa Mtakatifu Thoma, tendo kuu la busara ni kuamuru, yaani kuyaingiza yaliyohukumiwa katika utendaji. Anayejua zana zote na hajarekebisha hata ukurasa mmoja bado hajawa na busara.

Wiki ya kwanza: andika maneno thelathini kutoka daftari na mapendekezo.
Wiki ya pili: yapange kwa haja. Anayeandika "madera ya jumla Kariakoo" anataka kununua. Anayeandika "tofauti ya kitenge na kanga" anataka kujua. Kila haja ipate ukurasa wake.
Wiki ya tatu: rekebisha kurasa tatu. Weka neno la mtafutaji kwenye kichwa cha ukurasa na katika aya ya kwanza, kwa namna ya kawaida, kisha ujibu swali lake mara moja. Bei, saa na mahali viandikwe kama maandishi, visibaki ndani ya picha ya bango.
Wiki ya nne: fungua Search Console, tazama kurasa zinazoonekana sana na kubofywa kidogo. Hapo ndipo pa kurekebisha kichwa na maelezo. Matokeo huja polepole, kwa hiyo pima tena baada ya miezi mitatu.

5. Mpaka wa kimaadili

Zana itakuonesha pia maneno yenye watu wengi ambayo hayakuhusu. Mwenye duka atashawishika kuandika jina la chapa maarufu asiyoiuza. Mhariri wa tovuti ya dini atashawishika na "maombi ya kupata utajiri haraka". Tukimvuta mtu kwa neno ambalo hatuna jibu lake, tumesema uongo, hata kama takwimu zimepanda. Kurundika maneno ili kuihadaa injini ni kinyume pia cha kanuni za Google, na tovuti inaweza kushushwa.

Lakini ipo hatari ya upande wa pili, nayo ni kuyapuuza maneno yenye namba ndogo. Mtu anayeandika usiku "nimechoka kuishi", au "mtoto amekufa bila ubatizo", hawezi kupimwa kwa idadi. Mchungaji mwema aliwaacha tisini na tisa kwa ajili ya mmoja. Parokia ikiamua kuandika ukurasa kwa ajili ya mtu huyo, ihakikishe kuna namba ya simu inayopokelewa na mtu aliyeandaliwa kusikiliza. Kama mtu huyo hayupo, apatikane kwanza, ndipo ukurasa uandikwe.

Kariakoo inatufundisha kwamba muuzaji mzuri anamsikiliza mteja kabla ya kushusha bidhaa. Kwetu waamini kusikiliza huko kuna uzito zaidi, maana anayetafuta ni mtu, na mtu ana thamani kuliko mbofyo wake.

Maswali ya kujadili

1. Katika parokia yetu, ni maneno gani matatu tunayotumia ambayo muamini wa kawaida hayatumii anapotafuta?
2. Kwa nini namba kubwa ya wageni si lazima iwe ishara ya utume mzuri au biashara nzuri?
3. Mtu akitafuta msaada usiku huu kupitia tovuti yetu, nani atapokea simu yake?

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina.