SOMO: MIZANI ILIYOHAKIKIWA



Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo. Sampuli moja ilikutwa na kirusi; nyingine 25 hazikuwa nacho. Vipimo vilifanyika katika maabara ya Kabaile hapa Kagera, vikathibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025, vilikuwa vimehesabiwa vifo 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Ngara nayo inapakana na Rwanda, ambako Marburg iliua watu 15 mwaka 2024. Basi tujifunze: jibu la "anao" au "hana" hutoka wapi?

Kipimo chenyewe ni PCR. Vinasaba vya kirusi hiki, yaani RNA, hugeuzwa kwanza kuwa DNA. Kisha praima, vipande vifupi vya DNA vyenye herufi kama 20, hujishika kwenye sehemu ya kirusi, na mashine huirudufu mpaka ionekane.

Kutunza praima. Mara nyingi praima huja ikiwa kavu. Kichupa huzungushwa kwanza kwenye sentrifuji ili unga ushuke chini, ndipo kifunguliwe. Huyeyushwa kuwa akiba ya maikromola 100. Sehemu 1 ya akiba na sehemu 9 za maji safi ya maabara hutoa mchanganyiko wa kazi wa maikromola 10. Hugawanywa katika vichupa vidogo vyenye jina na tarehe, na kuwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huiharibu.

Kontroli. Mnunuzi mwaminifu wa kahawa huhakiki mizani yake kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Maabara nayo hupima sampuli inayojulikana kuwa na vinasaba vya kirusi, na maji matupu. Ya kwanza isipoonekana, hatuwezi kumwambia mgonjwa kuwa hana. Maji yakionyesha kirusi, kuna uchafu ulioingia, na jibu la "anao" haliaminiki. Ndiyo maana kontroli yenye vinasaba hufunguliwa na kutunzwa mbali na praima.

Funzo kwetu. Jibu la uongo la "hana" humrudisha mgonjwa nyumbani kuwauguza na kuwaambukiza ndugu zake. La uongo la "anao" humtenga mtu bure, na familia yake hunyooshewa kidole. Wengi wetu hufurahi kuchangia mashine, kwa kuwa inaonekana na hupigwa picha. Lakini umeme ukikatika na jenereta haina mafuta, mashine nzuri itatoa majibu yasiyoaminika. Mafuta, kipimajoto cha jokofu na daftari la kuandika joto kila siku ni sadaka pia.

Maswali ya kujadili:
1. Kituo chetu cha afya hutunzaje vitendanishi umeme unapokatika?
2. Nani husoma joto la jokofu siku za Jumapili?
3. Katika bajeti yetu, tumetenga nini cha matunzo baada ya ununuzi?