SOMO LA MWEZI: KODI YA HEWA YA UKAA, FAIDA NA HASARA ZAKE



Mwezi huu tunawaletea somo juu ya jambo ambalo twalisikia mara nyingi redioni, lakini ni mara chache twaelezwa vema: je, yafaa serikali kutoza kodi moshi wa mafuta? Ili tusiseme maneno matupu, tutatazama nchi moja, Kanada, iliyoijaribu kodi hiyo kwa miaka mingi, kisha mwaka 2025 ikawaondolea wananchi wa kawaida.

1. Kodi yenyewe ni nini?

Tukichoma lita moja ya petroli, hutoka hewa ya ukaa yenye uzito wa kilo 2 na zaidi. Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi, ikizuia joto la dunia lisitoke. Madhara yake huwafikia hata wasio na gari. Lakini ukinunua petroli, gharama ya madhara hayo haimo katika bei. Kodi hii hukusudia kuiingiza, ili achomaye sana alipe sana, na achomaye kidogo alipe kidogo.

Jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, lilianza tarehe 1 Julai 2008 kwa dola 10 za Kanada kwa kila tani ya hewa ya ukaa. Waliongeza dola 5 kila mwaka hata kufikia dola 30 mwaka 2012. Mwaka 2019 serikali kuu nayo ikaweka malipo kama hayo katika majimbo yaliyokuwa hayana mpango wa kutosha.

2. Faida zake

Kwanza, kodi hii haimwamuru mtu la kufanya. Mmoja atapanda basi, mwingine ataziba nyufa za nyumba yake ili joto lisipotee. Kila mtu huchagua njia iliyo nafuu kwake.

Pili, hupunguza moshi. Wataalamu waliochunguza miaka ya mwanzo ya British Columbia walikadiria kwamba moshi ulipungua kati ya asilimia 5 na 15 kuliko ambavyo ungekuwa bila kodi, na uchumi wa jimbo haukuonyesha madhara makubwa.

Tatu, fedha zaweza kurudishwa. Mwanzoni British Columbia ilipunguza kodi ya mapato, tena ikawapa ruzuku wenye kipato kidogo. Serikali kuu ilirudisha sehemu iliyo kubwa ya fedha kwa wananchi wenyewe. Mkadiriaji wa bajeti wa Bunge alihesabu kodi iliyolipwa na fedha zilizorudishwa, akaona kwamba nyumba nyingi zilipokea zaidi ya zilivyolipa.

3. Hasara zake

Kwanza, mzigo haulingani. Mtu wa mjini ana basi. Mtu wa shambani hana, naye kliniki iko mbali. Kodi yamwambia, "Punguza," lakini haimpi njia ya kupunguza. British Columbia iliona jambo hili, na tangu 2011 ikawapa wenye nyumba wa vijijini na wa kaskazini hadi dola 200 kwa mwaka.

Pili, kiwanda kinachotozwa chaweza kuhamia nchi isiyotoza. Moshi ni ule ule, bali kazi zimepotea.

Tatu, maumivu huonekana na faida hujificha. Kufikia 2024 kodi ilikuwa dola 80 kwa tani, yaani senti 17 na zaidi kwa lita ya petroli. Bei ile kila mtu aliiona kituoni. Fedha za kurudishwa ziliingia benki kimya kimya, na wengi hawakujua zimetoka wapi.

4. Kwa nini iliondolewa?

Mwezi wa Oktoba 2023 serikali kuu ilitangaza kuwasamehe kwa muda wale watumiao mafuta kupasha nyumba joto. Watumiao gesi wakauliza, "Na sisi je?" Tangu hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba sheria ni moja kwa wote. Tarehe 1 Aprili 2025 kodi hiyo ikakoma kwa wananchi, ya serikali kuu na ya British Columbia pia. Viwanda vikubwa vimeendelea kutozwa.

Lakini tusiseme kwamba kodi hii haiwezekani popote. Uswidi iliianza mwaka 1991, nayo ingalipo, na kiwango chake kwa tani ni kikubwa kuliko kile cha Kanada. Huko walipunguza kodi ya mapato wakati ule ule, na miji mingi ilikuwa na mabomba ya maji ya moto ya kupasha nyumba joto, yaliyoweza kuacha mafuta na kutumia mabaki ya miti. Njia nyingine ilikuwapo.

Basi twaona hivi: kodi hii ni ya haki pale tu ambapo mnyonge amepewa njia ya kuikwepa kwa uhalali, na anayaona kwa macho yake yanayomrudia. Hesabu peke yake haitoshi. Hapana budi pawe na imani kati ya mtoza na mtozwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Bei ya mafuta ya taa ikipanda kijijini kwetu, ni nani anayeumia kwanza?
2. Je, ni haki kumsamehe mmoja na kumtoza jirani yake?
3. Fedha za kodi kama hii zingefaa kugawiwa watu, au kujenga barabara na kuleta umeme? Toeni sababu.