Dondoo muhimu: Wasifu wako wa kazi, kijana wa Mwera

Umemaliza chuo, au unatoka shamba la mkonge na unataka kazi ya ofisini? Usiandike tu “nina uzoefu”. Kama ulikuwa msimamizi, eleza: “Nilisimamia wakataji, nikahesabu mizigo na kuandaa orodha ya malipo.” Hiyo ni kazi ya karani hasa, hata kama hukuitwa karani. Mwanafunzi, mafunzo kwa vitendo yaweke juu, yasizikwe chini ya jina la shule ya msingi.

Kwa kazi za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka wadhamini watatu na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti. Waombe wadhamini ruhusa kwanza, na hakikisha simu zao zinapatikana.