SOMO LA MWEZI: UGALI USIUACHE, UUCHAGUE NA KUUPIMA



Mwezi huu tuache kidogo habari za mbolea na dipu, tutazame sahani. Wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Sironga huuliza namna ya kumnenepesha ng'ombe. Siku hizi wako pia wanaouliza, kwa sauti ya chini, namna ya kupunguza tumbo lao wenyewe.

Si aibu. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uzito huo huandamana na ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Nasi bila magoti tutapandaje milima hii kuchuma majani chai?

Mimi mwenyewe nilikosea. Karani hukaa kitini kutwa, na mshipi wangu ulikuwa umekwisha matundu. Nikaacha ugali kabisa. Siku ya nne nilitetemeka kwa njaa, na jioni nikala mandazi matano kwa chai tamu. Kosa langu lilikuwa nini? Nilifukuza wanga wote badala ya kuuchagua.

Wanga ndio chakula cha kututia nguvu. Nguvu tusiyoitumia hugeuka mafuta mwilini. Lakini wanga wote si sawa. Ganda la punje lina nyuzinyuzi, ambazo hushibisha na kuchelewesha njaa. Kiini chake kina vitamini. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondolewa, na mara nyingi hufanywa chakula cha mifugo. Basi ng'ombe hupata kilicho bora, nasi tunabaki na unga mweupe!

Shika mambo haya manne:

1. Saga punje nzima. Tumia wimbi, mtama, au mahindi yasiyokobolewa. Wimbi lina pia madini ya kalsiamu kwa mifupa. Wewe uliye katika skimu kama ile ya Nyansiongo, iliyoanzishwa miaka ya 1960, usipande majani chai mpaka mlangoni. Tenga kipande cha wimbi na viazi vitamu.

2. Chemsha, usikaange. Gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4, lakini gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Kiazi kitamu, nduma au ndizi ya kuchemsha ni chakula chema. Ikizama katika mafuta, hesabu huharibika.

3. Pima. Nusu ya sahani iwe mboga: chinsaga, managu au kunde. Robo iwe maharage, samaki au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali, kiasi cha ngumi yako. Anayelima kutwa na aongeze, kwa maana jasho hula kalori.

4. Punguza sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ni bora sukari ya kuongezwa isipite vijiko 6 vya chai kwa siku. Vikombe 3 vyenye vijiko 4 kila kimoja ni vijiko 12! Soda moja ya mililita 300 yaweza kumaliza hesabu ya siku nzima.

Usiwe na haraka. Nusu kilo kwa juma yatosha, wala isipite kilo moja. Mimi nilipungua kilo 6 kwa miezi 4, na ugali sikuuacha tena.

Tahadhari. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasijipunguzie chakula. Anayetumia dawa za sukari aende kwanza kwa daktari, maana kupunguza chakula huku dawa ni ile ile kwaweza kumwangusha.

Maswali ya kujibu pamoja na jamaa yako mezani:

(a) Nyumbani kwenu mnatia vijiko vingapi vya sukari kwa siku?
(b) Pumba ya mahindi yenu huliwa na nani?
(c) Wimbi litapandwa upande gani wa shamba?

Jibu la tatu lisibaki mezani. Lipeleke shambani.