SETI YA KWANZA SIYO MWISHO WA MCHEZO



Tarehe 7 mwezi wa nane 2025, kule Montréal, Kanada, Victoria Mboko alichukua kombe kubwa la tenisi. Alikuwa na miaka 18, umri wa wengi wetu wa darasa la sita. Anachezea Kanada, lakini wazazi wake ni Wakongo waliotoka Kinshasa. Njo maana tulifurahi sana. Basi tusome ushindi huo kama vile tunavyosoma somo la hesabu.

1. Alishinda namna gani?
Mwanzoni mwa mwaka huo wachezaji zaidi ya 300 duniani walikuwa mbele yake. Montréal alicheza mara saba, akashinda zote saba. Kati ya aliowapiga, wanne walikuwa wamekwisha kuchukua makombe makubwa kabisa: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina na Naomi Osaka. Gauff aliwekwa nambari ya kwanza katika mashindano. Mboko alimpiga 6-1, 6-4. Bila huruma!

2. Hesabu ya kushangaza
Katika tenisi ya wanawake, anayetangulia kupata seti mbili ndiye mshindi. Nusu fainali na Rybakina ilikwisha 1-6, 7-5, 7-6. Jumlisheni: Mboko michezo 15, Rybakina 17. Kumbe aliyepata mingi ndiye aliyeshindwa! Sababu ni kwamba kila seti inaanza sifuri kwa sifuri. Siku ya fainali ikawa vilevile: Osaka alipata seti ya kwanza 6-2, Mboko akajibu 6-4, 6-1.

3. Alikwisha kuonja upande wa pili
Mwaka 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana wadogo, wawili kwa wawili: Mboko na mwenzake Kayla Cross walipata seti ya kwanza 6-3. Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi hawakukata tamaa. Wakapata ya pili 6-4, na ya mwisho pointi 11-9. Siku ile Mboko ndiye aliyelizwa.

4. Na sisi?
Alama za semesta ya kwanza zikitoka, tunasikia wenzetu: "Tulishashindwa, njo basi." Kiisha wanakaa nyumbani. Hata sisi viongozi wa wanafunzi tumesema hivyo juu ya hesabu. Kweli, alama mbaya hazifutwi. Lakini hata ile 1-6 ya Mboko haikufutwa; inaandikwa mpaka leo pembeni ya ushindi wake. Na karatasi ya mtihani wa Serikali itakuwa nyeupe kwa wote.

Someni 1 Wakorintho 9, pale Mtume Paulo anapofundisha kwa mfano wa mashindano.

Maswali ya darasani
a) Seti gani umeshindwa mwaka huu?
b) Nani katika darasa lako haonekani tena sababu ya haya? Utakwenda kumwita siku gani?